Sahani Iliyolala Kifudifudi

Kocha alipuliza filimbi mara mbili, lakini kikongwe yule hakusimama. Alikata uwanja katikati, akalipita duara la kati kama mtu anayepita sebuleni kwake, gauni jeusi, soksi nyeusi, mkoba mkononi, viatu vikizama kwenye tope la Oktoba. Golikipa akaangua kicheko.

"Kocha, mpe jezi huyu! Ana mbio kuliko Derlis!"

Wenzake wakacheka. Derlis Ayala alijaribu kucheka nao, ikashindikana. Alikuwa kiungo wa miaka thelathini na minne, mtu wa Paraguay, na hii ilikuwa klabu yake ya tisa katika nchi ya sita. Tangu asajiliwe hapa Roccamara, Ulaya, mwezi Agosti alikuwa akimkwepa bibi huyu. Njia ya kanisani aliiacha, na kwa muuza nyama alimtuma mkewe. Lakini mji wenyewe ni wa watu elfu tatu juu ya mlima mmoja, sasa utamkwepa mtu mpaka lini?

"Inama nikuone," bibi akasema.

Derlis akainama. Bibi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, kama anayechagua tikiti sokoni.

"Pua si yetu. Masikio nayo si yetu. Basi itakuwa miguu."

"Miguu yenyewe imeshakwisha, shangazi!" golikipa akadakia.

"Wewe nyamaza, mwana wa fundi viatu. Babu yako alikuwa na deni kwetu." Kisha akamrudia Derlis, sauti ikashuka. "Mwanangu, mbona unanikimbia? Mimi ndiye Incoronata. Babu yako Nunzio ndiye babu yangu. Mpwa wangu Donato alinionyesha karatasi zako za usajili, nikamwambia anisomee mara tatu. Nimekungoja uje mwenyewe, hukuja. Haya, nimekuja mimi."

"Samahani, shangazi. Mazoezi yametubana."

"Ijumaa ijayo hakuna mazoezi. Ijumaa ni siku ya kuwaandalia marehemu. Saa kumi na moja jioni uje kwangu, na mkeo. Uje umgeuzie babu sahani."

"Sahani gani, shangazi?"

"Miaka mia na nane imelala kifudifudi mezani petu. Nimechoka kuitazama mgongo."

Akampiga kofi dogo la upendo shavuni, akageuka, akaukata tena uwanja katikati. Kocha alingoja mpaka atoke ndipo akapuliza filimbi.

*

Habari ya sahani hiyo Roccamara nzima inaijua, na golikipa mwenyewe aliacha kucheka akamsimulia Derlis wakati wa kuvua viatu. Nunzio Lavecchia aliondoka kwenda Amerika mwaka 1911, akamwacha mchumba wake na mimba ya miezi mitatu. Harusi wangefunga akirudi. Hakurudi, wala barua haikuja hata moja. Mtoto akazaliwa, akaandikwa kwa jina la mama yake. Ilipofika jioni ya kuwaandalia marehemu, jioni ambayo kila nyumba ya mlima huo huweka mezani mkate, maji na ngano iliyochemshwa na punje za komamanga, kila marehemu na sahani yake, yule mchumba akamwendea padri. Padri, nimwekee Nunzio au nisimwekee? Nikimwekea nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nisipomwekea, na kumbe ameshakufa, atakuja alale njaa. Padri akakuna kichwa. Binti wa watu akarudi nyumbani, akaamua mwenyewe. Aliiweka sahani, lakini aliilaza kifudifudi. Nafasi anayo, ila hajaitwa bado.

Alipokufa yeye, mwanawe aliendelea. Alipokufa mwanawe, akaendelea Incoronata. Na sasa ametokea mchezaji kutoka Paraguay mwenye karatasi zilizopigwa mihuri, zinazosema baba mzazi wa bibi yake ni Nunzio Lavecchia wa Roccamara, aliyefia Villarrica, kule Paraguay, tarehe kumi na nne Agosti 1952.

Derlis alifika nyumbani, akaketi jikoni bila kuvua koti. Mkewe Zunilda alikuwa ameinua miguu juu ya kiti cha pili. Mimba ilikuwa ya miezi mitano na nusu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsukumia kikombe cha yerba mate, chai ya majani ya kwao.

"Kwa hiyo wanataka nini? Ugeuze sahani?"

"Nigeuze sahani."

"Basi geuza. Sahani ina uzito gani?"

"Zunilda, yule bibi anamlilia mtu."

"Na mimi je?" Aliuliza taratibu tu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mmoja nilimwacha Kupro kwa sababu tulihama nikiwa na wiki kumi na tatu. Mmoja nilimwacha Bulgaria kwenye lile basi. Daktari wa hapa kaniambia nisibebe hata ndoo. Jumatatu baada ya hiyo Ijumaa Donato anakupa mkataba wa miaka miwili na nyumba hii tunakaa bure. Mimi sihami tena na tumbo, Derlis. Huyu namzaa hapahapa, hata kama ni kwa jina la shetani."

"Ni jina la Nunzio."

"Basi huyo huyo Nunzio."

Derlis akanyonya ile chai, ikamchoma ulimi. Alikuwa akimpenda mkewe.

Alitoka nje kwenye ngazi, akampigia wakala wake, Oviedo, aliyekuwa Asunción, mji mkuu wa kwao. Huyu Oviedo ndiye aliyemtafutia babu miaka kumi na miwili iliyopita. Wachezaji wengi wa kwao walitafutiwa babu namna hiyo, maana klabu za Ulaya zina nafasi chache za wageni, na mwenye babu wa Kizungu si mgeni.

"Bingwa! Habari za kwenu huko?" Oviedo akacheka kwa neno lake mwenyewe.

"Uliniambia yule marehemu hana mtu."

"Hana! Nilimlipa karani, akapekua kitabu cha mji ukurasa kwa ukurasa. Nunzio Lavecchia hana mke, hana mtoto. Kijana mzuri kabisa, msafi."

"Kitabuni hana mke wala mtoto. Mlimani ana ukoo mzima, Oviedo! Alimpa mtu mimba akaondoka. Mjukuu wake leo kanishika kidevu."

Kisha Oviedo akatoa pumzi.

"Lo! Hawa watu wa zamani hawana adabu. Sasa sikiliza. Alichoamini yule bibi ni baraka, tena klabu ilikuchukua kwa sababu ya huyo babu. Unafikiri walikufuata kwa kasi yako? Ukifungua mdomo, uraia unafutwa, timu inanyang'anywa pointi za kila mechi uliyocheza, wewe na mkeo mnapandishwa ndege, na mimi nalala rumande. Kula chakula cha bibi, sema ahsante, nenda nyumbani."

"Na ile tarehe ya kufa? Agosti kumi na nne? Uliipata wapi?"

"Wewe mwenyewe ulinipa, bwana. Nilikuuliza baba wa bibi yako, yule wa kweli, alikufa lini. Nikaitumia hiyohiyo. Tarehe ya kubuni huleta shida, ya kweli haina shida."

Oviedo akakata simu.

*

Jumapili walicheza nyumbani. Mashabiki mia nne hivi, mvua ya manyunyu, na jina moja vinywani.

"Nun-zio! Nun-zio!"

Jina la Derlis walikuwa wameliacha tangu mechi ya pili. Mwanzoni aliona ni utani, akawapungia mkono. Siku hizi kila walipoimba alihisi anaitwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake, na mara mbili aligeuka kweli, akapoteza mpira.

Na lilikuwapo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Kila mechi, ikifika dakika ya sitini, mgongo wake ulianza kulemewa. Haukuuma. Ulilemewa tu, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kana kwamba mtu amempandishia gunia akamwachia. Daktari wa timu alimpiga picha mbili, akasema mgongo ni wa kijana, shida ni mwenye mgongo. Watu wakacheka. Siku hiyo uzito ulikuja dakika ya hamsini na nane. Alikwenda kupiga kona, akainua macho, akamwona mtu amesimama ng'ambo ya ukuta mfupi, mwembamba, miguu mitupu, ameinama mbele namna wanavyoinama wabeba mizigo, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Derlis alipepesa macho. Pale palikuwa na mti wa tini tu na mvua.

Kona ilitoka nje bila kumgusa mtu. Kocha akamtoa.

"Pumzika, mzee," akamwambia mbele ya benchi zima, na kijana wa miaka kumi na tisa akaingia mahali pake akirukaruka.

Walitoka sare. Donato, mkurugenzi wa timu, mwanamume mfupi mwenye sauti ya bendi, alimfuata vyumbani akamkumbatia mbele ya watu.

"Wakizomea waache! Damu ni nzito kuliko maji. Mkataba uko tayari mezani kwangu. Na kuna jambo jingine, shangazi atakuonyesha mwenyewe, lakini siwezi kunyamaza. Fundi ameshachonga jina la babu kwenye kaburi la familia. Marumaru! Na tarehe yake kabisa, kumi na nne Agosti. Jumamosi padri analibariki."

"Umeshachonga?"

"Mimi nimelipa, usijali. Wewe toa machozi tu."

Njiani kurudi alipita kwa muuza nyama kununua soseji. Muuza nyama alizifunga, akaziongezea nyingine mbili, akausukuma mkono wake uliokuwa na noti.

"Mjukuu wa Nunzio halipi kwangu wiki hii. Bibi yangu alikuwa akisimulia, mchumba wa Nunzio alikuwa akishuka stesheni kila treni ya Alhamisi. Kila Alhamisi, bwana, mpaka akazeeka. Sisi tulidhani yule mtu ni mhuni tu. Kumbe aliishi, akazaa, akafa kwa heshima yake. Umetuondolea aibu."

Derlis alizichukua soseji kwa mikono miwili. Alipofika kwenye kona ya kwanza alitamani kuzitupa, lakini nyumbani palikuwa na mwenye mimba.

*

Bibi yake mwenyewe, Blásida, ndiye aliyemlea, na kila Jumatatu Derlis humpigia, kwa sababu Jumatatu kwao ni siku ya roho na bibi huwa macho mapema kuwasha mshumaa. Ana miaka themanini na saba, anaishi na binti yake nje kidogo ya Villarrica, na simu huishika mbali na sikio kama kitu kinachouma.

"Mshumaa umeshauwasha, bibi?"

"Nimewasha."

"Umemwashia babu Ceferino?"

Jogoo alisikika, na mtu anafagia.

"Nawasha tu," akasema. "Nawasha, lakini simtaji."

"Kwa nini humtaji?"

"Wewe nawe unaniuliza? Siku ile uliyonipeleka kwa karani nikaweka dole gumba. Karani aliuliza, baba yako ni Nunzio fulani? Nikasema ndiyo. Ceferino Benegas si baba yako? Nikasema simjui mtu huyo." Akakohoa. "Nilifanya kwa ajili yako, mwanangu, ukacheze mpira. Silalamiki, umetujengea nyumba, bati halivuji. Lakini tangu siku hiyo baba hanitokei ndotoni. Zamani alikuwa akija, anaketi pale mlangoni. Sasa haji. Ukimkana mtu mbele ya serikali atakuja vipi?"

"Bibi, nisimulie tena alivyokufa."

"Si unajua."

"Nisimulie."

Akamsimulia. Ceferino alikuwa mchuma majani ya yerba mate msituni, kule kwa matajiri, wanakopimiwa mzigo asubuhi na kukatwa ujira jioni. Alikuwa akibeba gunia la kilo mia na hamsini kwa kamba ya kichwani, mwendo wa saa mbili mpaka kwenye mizani. Agosti ile alikuwa na homa. Aliangukia njiani, mzigo juu yake. Akawa anaomba maji. Wenzake walilazimika kwanza kutua mizigo yao, maana ukiitupa unatozwa, na walipomaliza kuitua na kumfikia, alikuwa ameshanyamaza. Msimamizi aliupima mzigo wake, akaandika.

"Alikuwa anaomba maji tu," bibi akasema. "Mtu anaomba maji, jamani."

Derlis aliupapasa mgongo wake chini ya fulana. Alipotaka kuaga, bibi akamuuliza swali ambalo pengine alikuwa amelibeba miaka yote kumi na miwili.

"Huyo Nunzio, ana watu huko?"

"Anao, bibi."

"Basi kumbe tuliwaibia na wao," akasema Blásida, akaikata simu.

*

Ijumaa saa kumi na moja jua lilikuwa bado limeshika ncha ya mnara wa kanisa. Zunilda alivaa gauni lake la tarizi, lililoshonwa kwao kwa sindano ya mkono, likimbana tumboni. Njia nzima alimshika mume wake mkono. Mlangoni akamnong'oneza, "Geuza, sema ahsante, twende. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Ndani palinuka komamanga na divai iliyopikwa ikawa asali. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe chenye alama za pasi. Sahani tano zilitazama juu, na ya sita, ya udongo, yenye ufa wa kahawia, ililala kifudifudi kwenye kichwa cha meza. Donato alikuwa amesimama karibu na jiko amevaa tai. Shangazi Incoronata alimwonyesha Zunilda kiti chenye mto, akamtazama tumbo kwa furaha bila kuona haya.

"Wa kiume huyo. Amekaa chini. Mtamwita Nunzio, eti?"

"Tutaona, shangazi," Zunilda akajibu, uso ukimwaka.

Kikongwe akaanza kazi yake. Alichota ngano kwa upawa, akaweka kwenye kila sahani, na kila alipoweka aliita. Bibi yangu, uliyengoja stesheni, njoo ule. Mama yangu Rosina, njoo ule. Baba yangu Canio, njoo ule. Mume wangu Egidio, njoo, na usilalamike chumvi. Dada yangu Teodora, njoo, mwanao Donato yupo, ameota kitambi. Donato akafuta macho kwa tai. Ilikuwa kazi ya kawaida kwake kama kulisha kuku, na Derlis alianza kuamini kwamba hao wanaoitwa wamo ndani.

Kisha akaketi, akaweka mikono juu ya meza.

"Sasa babu. Kabla hujamgeuzia, nataka uniambie. Alikufa vipi? Karatasi zinasema tarehe, hazisemi vipi. Alikuwa kitandani? Alipata padri?"

Derlis alimtazama Zunilda. Zunilda aliutazama mkate.

"Hakuwa kitandani, shangazi."

"Enhe."

"Alikuwa njiani. Alikuwa mbeba mizigo." Uongo alikuwa ameuandaa tangu Jumanne, kitanda, padri, rozari, kila kitu, lakini mdomo ulipofunguka yakatoka mengine. "Alikuwa anabeba majani msituni, kilo mia na hamsini, kwa kamba ya kichwani. Alikuwa na homa. Akaangukia njiani na mzigo juu yake. Wenzake walichelewa kumfikia, kwa sababu walikatazwa kuitupa mizigo yao. Aliomba maji. Hakuyapata."

Machozi yalimtiririka kikongwe bila sauti. Hakuyapangusa.

"Maskini mtoto wa watu," akasema. "Kumbe ndiyo maana hakuandika. Mtu mwenye mzigo kichwani ataandika saa ngapi? Bibi yangu alikufa akimlaani, na mwenzake yuko chini ya gunia." Akavuta pumzi ndefu. "Sasa nimejua. Mungu akulipe, mwanangu. Geuza. Ukigeuza umwite kwa jina, umwambie njoo ule."

Derlis akainuka. Uzito ulimpanda hapohapo, kabla mkono wake haujafika kwenye sahani, na safari hii ulimwinamisha hasa. Akaishika ile sahani. Ilikuwa ya baridi. Akaigeuza. Ndani yake palikuwa peupe, hapana ufa wala doa, udongo ambao haujaguswa na chakula miaka mia na nane. Akafungua kinywa.

Akakifunga tena.

"Mwite," Incoronata akahimiza.

"Nunzio," Donato akamtajia chini kwa chini, kama mtu anayemsaidia mtoto kanisani. "Sema, Nunzio, njoo ule."

Derlis aliwaza nyumba ya bure, ndoo ambayo mkewe hapaswi kubeba, basi la Bulgaria na damu kwenye kiti. Aliyawaza yote, na kila moja lilikuwa na haki. Kisha akamsikia bibi yake: mtu anaomba maji, jamani.

"Ceferino Benegas," akasema. "Njoo ule."

Sufuria tu ndiyo iliyokuwa ikitokota.

"Nani huyo?" akauliza kikongwe.

Donato alikuwa mwepesi. Hakuwa mkurugenzi bure. "Ni jina la huko, shangazi! Wahamiaji walibadili majina, wote walibadili. Walimwita hivyo huko. Sivyo, Derlis?" Na macho yake yalikuwa yanamwambia mengine kabisa: pointi, mkataba, marumaru, padri, sema ndiyo, mpumbavu wewe.

Kikongwe hakumtazama mpwa wake. Alimtazama Derlis tu.

"Ni yeye? Ni mtu yuleyule?"

Mlango wa kuponea ulikuwa umefunguliwa wazi. Neno moja lilitosha. Derlis alimtafuta Zunilda kwa macho, na Zunilda, ambaye aliapa kutohama, alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja na analia, na hakutikisa kichwa kusema ndiyo wala kusema hapana.

"Si yeye, shangazi," Derlis akasema. "Ceferino ndiye babu wa kwetu. Mzigo ni wake, na tarehe ni yake. Wa kwako simjui. Jina lake tulilinunua ili nicheze. Sijui alifia wapi. Sijui hata kama alishuka melini. Nisamehe."

Donato alisimama pale akifumba na kufumbua ngumi. Alikuwa amempenda mtu huyu, amemtangaza mji mzima, na sasa alijiona kama aliyevuliwa nguo sokoni.

"Mechi tisa," akasema. "Mechi tisa umetuchezea. Unajua umeifanya nini timu? Unajua watu watanicheka mpaka nife?" Akachukua koti lake. "Kesho asubuhi nitakuja na mwanasheria. Muwe mmeshafunga mizigo." Mlango aliufunga polepole, kwa heshima ya waliokuwa mezani.

Incoronata alinyoosha mkono wake wenye mishipa. Akaichukua sahani ya udongo kutoka mbele ya Derlis, akaupitisha ukingo wa aproni ndani yake, japo haikuwa na vumbi, akailaza tena kifudifudi mahali pake. Aliiweka taratibu sana. Ilimchukua muda kuiachia.

"Dakika kumi nilikuwa na babu aliyekufa," akasema. "Sikuwahi kuwa naye kabla."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusikia. Usirudie." Hakuwa na upole katika sauti, wala hakujilazimisha kuwa nao. Aliinuka kwa kushika ukingo wa meza, akaliendea kabati, akafungua, akapekua kati ya vyombo, akarudi na sahani ya saba, ya kawaida, ya maua ya buluu. Akaiweka juu ya kitambaa, ikitazama juu, jirani na ile iliyolala.

"Huyo mbeba majani wenu," akasema. "Huwa anakula ngano?"

Zunilda ndiye aliyejibu, sauti imejaa machozi.

"Kwao ni mihogo, shangazi. Na nyama akijaliwa."

"Mihogo sina. Leo atakula ngano." Akachota upawa mmoja, akaongeza wa pili. "Haya, yule aliyeitwa yuko njiani, nasi tumesimama tu. Ni nani wa kumwekea maji?"

Zunilda akainuka, mkono mmoja kiunoni. Akalichukua jagi, akaijaza glasi mpaka ukingoni, akaisogeza karibu na sahani ya maua. Kisha akaenda kusimama ubavuni pa mume wake. Derlis bado alikuwa ameinama.

"Mzee Ceferino," Zunilda akasema kwa lugha ya kwao, ile ya nyumbani, ambayo ndani ya nyumba ile haikuwahi kusikika. "Maji haya hapa."

Kikongwe hakuelewa maneno, wala hakuuliza. Alikuwa ameshakibeba kiti chake mpaka dirishani. Akakielekeza upande wa barabara inayopanda kutoka stesheni, akaketi, akajifunga shali, akaanza tena kungoja.